Je, meli ya kitalii ya zamani inafaa kwa familia?

SWALI: Tunaishi Marekani na tuna watoto wawili. Tumepata nafasi katika Disney Magic, lakini ilianza safari mwaka 1998. Haijachakaa?

JIBU: Dada, umri peke yake usikutishe. Sheria za kimataifa zinataka meli ya abiria ikaguliwe usalama kila mwaka, na sehemu yake ya chini angalau mara mbili katika kila miaka 5. Meli hutunzwa chelezoni, ambako hupigwa rangi na mitambo hurekebishwa. Mwaka 2013 Disney Magic ilifanyiwa ukarabati mkubwa Cádiz, Hispania, ikaongezewa michezo ya maji.

Kisichobadilika kwa urahisi ni umbo lake. Ni ndogo kuliko Disney Wish ya 2022, hivyo vivutio ni vichache, ila watoto hawapotei ovyo na umbali wa kutembea ni mfupi. Vyumba vingi vina choo na bafu mbalimbali, faraja kubwa asubuhi.

Kabla ya kulipa, uliza ilipanda chelezo lini na vyumba vilikarabatiwa lini. Mkiridhika na majibu, safirini bila wasiwasi.