Kupima Uzito wa Moyo

Mtu wa Kisangani akiulizwa habari hujibu "Tuko tu," hata kama ana wiki tatu hajalala. Ndiyo maana muuguzi haishii kwenye salamu. Anauliza swali baada ya swali, na kila jibu analiandikia namba.

Orodha inayotumika sana kupima huzuni nzito ina maswali 9. Ilichapishwa Marekani mwaka 2001. Ile ya wasiwasi, yenye maswali 7, ilifuata mwaka 2006. Zote zinaulizia wiki mbili zilizopita, na kinachohesabiwa ni siku: hakuna kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3.

Tuseme baba mmoja anayeendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, anajibu orodha ya huzuni. Usingizi humkatika saa nane usiku, karibu kila siku: 3. Anaamka amechoka, vilevile: 3. Lituma, ndizi za kupondwa, haimpiti kooni, zaidi ya nusu ya siku: 2. Hana hamu ya kukaa na wenzake: 2. Anajiona hafai mbele ya watoto: 2. Moyo mzito, siku kadhaa: 1. Mengine 0. Jumla 13 kati ya 27. Kuanzia 5 dalili ni nyepesi, kuanzia 10 ni za kati, 15 zimezidi, 20 ni kali.

Je, 13 ni ugonjwa? Bado. Malaria na upungufu wa damu navyo huchosha na kufukuza hamu ya chakula, kwa hiyo damu ipimwe pia. Namba inamwambia muuguzi akae naye zaidi.

Swali la chakula linataka uangalifu hapa kwetu. Waliokimbia mapigano ya makabila ya Mbole na Lengola, yaliyozuka Lubunga, hapa Kisangani, mwaka 2023, wengi walikosa chakula chenyewe. Kukosa hamu ni jambo jingine. Na anayelala chini, mvua ikimnyeshea, hukesha hata kama moyo wake umetulia. Mweleze muuguzi hali yako, asiandike 3 kwa sababu ya njaa.

Jibu kwa lugha ya moyo wako, Kiswahili au Lingala. Zimbabwe walitunga orodha yao ya maswali 14, kwa Kishona, iliyochapishwa 1997, wakatumia neno la wagonjwa wenyewe: kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nawe ukiwa na "mawazo mengi", sema hivyohivyo. Ila usijibu mbele ya mama mkwe, wala mtoto asikutafsirie. Hapo kila jibu litakuwa 0.

Swali la 9 la orodha ya huzuni ni la peke yake: je, umewaza kwamba heri ufe, au kujidhuru? Jibu lolote lisilo 0 lishughulikiwe siku hiyohiyo, hata jumla ikiwa ndogo. Kumuuliza mtu hakumwingizii wazo hilo kichwani. Nyumbani, msimwache peke yake. Ondoeni sumu ya panya, dawa na visu.

Baada ya wiki kadhaa za msaada, maswali yaleyale hurudiwa. Baba wa toleka akishuka kutoka 13 hadi 8, hiyo ni nafuu ya kweli. Karatasi yenye tarehe itunzwe pamoja na kadi za chanjo za watoto.