Riwaya Pendwa Mbele ya Msomaji wa Kongo: Maoni ya Wazi juu ya Vitabu Vinne

Katika kozi zetu za fasihi ya Kiswahili majina yanayorudi ni yale yale: Shaaban Robert, Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed. Riwaya pendwa hupewa sentensi moja au mbili, kisha tunaambiwa kwamba ni fasihi ya kuburudisha, nasi tunageuza ukurasa wa daftari. Lakini vitabu hivyo hivyo ndivyo vinavyopita mkono kwa mkono kati ya wanafunzi mpaka majalada yanaanguka. Katika makala hii ninatoa maoni yangu juu ya riwaya nne nilizozisoma karibuni. Sitazisifu kwa sababu zinapendwa, wala sitazidharau kwa sababu hiyo. Swali langu ni moja: mwanafunzi wa lugha katika Kongo anapata nini humo, na anapaswa kukataa nini?

Kwanza tuelewane juu ya istilahi. Wahakiki hutenga riwaya dhati na riwaya pendwa. Ya kwanza inasemekana kuchimba maisha. Ya pili inasemekana kutafuta wasomaji wengi kwa mapenzi, uhalifu na upelelezi. Mgawanyo huu unasaidia wakati wa kupanga vitabu kwenye rafu. Wakati wa kuvisoma hausaidii sana, kwa sababu unatoa hukumu kabla ya ukurasa wa kwanza.

Riwaya ya kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Unguja, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau. Maiti ya tajiri mmoja inakutwa penye mzimu, mahali ambapo watu wanapaogopa. Bwana Msa, mtu wa kiko na maswali mengi, anaitwa kutazama. Ni wazi kwamba mwandishi alimsoma Sherlock Holmes. Wahakiki wengi wamelisema hilo, na msomaji yeyote wa Conan Doyle atalitambua mwenyewe. Lakini mfano wa Uingereza umevaa kanzu hapa. Watu wanasalimiana, wanazunguka maneno, wanaficha siri za ukoo kwa adabu, na mpelelezi lazima ajue adabu hiyo ili aipite.

Kwangu mimi hii ndiyo riwaya bora kati ya nne. Kasoro yake naijua: sehemu za mwisho zimejaa maelezo, na msomaji anaketi kama mwanafunzi mbele ya ubao huku Bwana Msa akifafanua kila kitu. Lakini jambo moja linaifanya iwe muhimu kwetu. Wengi wanataka kuamini kwamba mzimu umeua. Bwana Msa anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani anafaidika na kifo hicho. Katika nchi yetu bado kuna watoto wanaofukuzwa nyumbani kwa kushtakiwa uchawi, bila mtu kuuliza hata swali moja la namna hiyo. Kitabu kinachomzoeza msomaji kudai ushahidi kabla ya kumtaja mwenye hatia si kitabu cha burudani tu.

Riwaya ya pili ni Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka mwaka 1974. Hapa tunakutana na Willy Gamba, mpelelezi wa serikali ya Tanzania, anayesimulia mambo yake mwenyewe. Hati za siri za ukombozi wa kusini mwa Afrika zimeibwa, na Willy anazifuata hadi Nairobi. Msingi wa hadithi ni wa kweli: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na msomaji wa wakati huo alijua kwamba maadui wa kamati hiyo walikuwepo kweli.

Mwendo wa kitabu ni wa kasi na sentensi ni fupi. Nilikimaliza kwa siku mbili, na ninakiri kwa furaha kwamba si kila riwaya ya kozi imenifanyia hivyo. Lakini Willy Gamba ni James Bond aliyepewa pasipoti ya Kiafrika. Anapigwa na hafi, anapenda na hafungwi, anaua na halali macho wazi. Wanawake katika ulimwengu wake wana kazi mbili: kuwa mtego au kuwa zawadi. Wanafunzi wa kike wa kitivo chetu wana haki ya kuuliza kwa nini ukombozi wa Afrika ulihitaji kusimuliwa hivyo. Jibu la kwamba "ndivyo aina hii ya riwaya ilivyo" halinitoshi, maana mwandishi aliyeweza kubadilisha adui wa Bond angeweza pia kubadilisha wanawake wake.

Riwaya ya tatu inatugusa moja kwa moja. Ni Kikosi cha Kisasi, ya Musiba pia, ya mwaka 1979, ambayo inampeleka Willy Gamba Kinshasa. Niliifungua kwa hamu ya mtu anayetazama picha ambayo jirani amempiga. Ili kuihukumu kwa haki, ni vizuri kuilinganisha na riwaya za Kifaransa zilizosomwa sana kwetu, zile za SAS za Gérard de Villiers. Mojawapo, Panique au Zaïre, ni ya miaka hiyo hiyo ya 1970. Shujaa wa SAS ni Malko Linge, mwana wa kifalme wa Austria anayefanya kazi kwa CIA. Afrika kwake ni mahali pa joto, hatari na wanawake. Kwa Musiba, Mwafrika anakuja Kinshasa kusimama pamoja na Waafrika dhidi ya maadui wa ukombozi. Tofauti hiyo si ndogo. Katika mwaka 1979 ilikuwa tamko la kisiasa lililouzwa kwa bei ya kitabu cha mfukoni.

Hata hivyo sikuridhika. Willy anaingia Kinshasa kama mgeni wa hoteli, na mji tunauona kwa jicho la mgeni wa hoteli. Nilitafuta Zaire ya Mobutu, yenye chama kimoja na hofu yake, nikaikuta kama jina la nchi tu. Uovu unatoka nje. Ndani hakuna swali. Mwandishi wa Dar es Salaam huenda hakuwa na nafasi ya kuandika vingine juu ya nchi jirani, lakini msomaji wa Kongo wa leo hana sababu ya kukubali ukimya huo. Tena kuna suala la lugha. Mji mkubwa wa Kilingala unatufikia kwa Kiswahili cha Tanzania. Tafsiri hiyo ni ya lazima, kwa kuwa kitabu ni cha Kiswahili. Lakini haituachii sauti ya mji. Muuzaji wa soko la Gambela hasikiki humo.

Riwaya ya nne ni Dar es Salaam Usiku ya Ben Mtobwa, ya mwaka 1990. Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, ng'ambo tu ya ziwa letu, anajulikana zaidi kwa mpelelezi wake Joram Kiango. Hapa hamtumii. Anatupa mji wa usiku, wanawake wanaouza miili, wenye fedha wanaowanunua, na kijana wa mitaani anayeitwa Hasara. Jina hilo peke yake lingeweza kujaza saa nzima ya somo la onomastiki. Msomaji wa Bukavu au Goma atamtambua bila maelezo: ni maibobo tunayempita kila siku. Ubaya wa kitabu ni kwamba mara nyingine kinafurahia kile kinachokilaani. Kinatuambia usiku unaharibu watu, huku kikitualika tubaki kidogo tutazame. Wema wake ni kwamba kinawapa watu wa chini nafasi ya katikati, jambo ambalo Willy Gamba hakupata muda wa kulifanya.

Kutokana na vitabu hivi ninatoa hoja tatu kwa kitivo chetu.

Hoja ya kwanza ni ya ufundi. Riwaya pendwa ni mahali pazuri pa kufundishia msuko, taharuki na nafsi ya msimulizi, kwa sababu mifupa yake inaonekana. Ukimpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Nagona ya Kezilahabi, anaona ukungu. Ukimpa Bwana Msa, anaona jinsi habari inavyofichwa na kufichuliwa. Baadaye ataingia katika ukungu akiwa na taa.

Hoja ya pili ni ya maadili ya usomaji. Kitabu kinachopendwa na wengi kinabeba mawazo yanayokubaliwa na wengi, kuhusu wanawake, kuhusu jirani, kuhusu nguvu. Tukikiacha nje ya darasa, mawazo hayo hayakosi wasomaji. Yanakosa wahakiki tu.

Hoja ya tatu ni ya lugha, na ndiyo inayoniuma. Msomaji wetu anasema motokari, kinga, franga; anasema anakwenda masomo. Katika riwaya hizi anakuta gari, baiskeli, shilingi, shule. Anaelewa, lakini anajifunza polepole kwamba hadithi ni kitu kinachotokea katika Kiswahili cha wengine. Sipendekezi tuache Kiswahili sanifu. Ndicho kinachotuwezesha kusomwa Morogoro na Mombasa. Ninapendekeza masimulizi yabaki sanifu na mazungumzo yaachwe yaseme kama Kadutu au Katuba inavyosema. Abdulla alifanya jambo la karibu na hilo kwa lafudhi ya Unguja, na hakuna aliyemshtaki kwa kuharibu lugha.

Kwa wanaotaka kuendelea, hili hapa zoezi. Chukua sura moja ya Kikosi cha Kisasi inayotokea Kinshasa. Isimulie upya kwa nafsi ya dereva wa teksi aliyembeba Willy Gamba. Amua atazungumza Kiswahili gani, wapi Kilingala kitabaki bila kutafsiriwa, na anajua nini juu ya mji ambacho abiria wake hakijui. Kisha ueleze kwa ukurasa mmoja sababu za uamuzi wako. Kurasa hizo zikikusanywa kutoka promosheni nzima, tutakuwa na somo la uhakiki, na pengine mwanzo wa riwaya pendwa ya kwetu.