Dawa za Shinikizo la Damu na Athari Zake: Mafunzo kutoka Ukanda wa Dhahabu

Nchi inayotandaa kusini mwa Ziwa Viktoria, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, yafahamika kwa pamba, ng'ombe, almasi na dhahabu. Almasi za Mwadui ziligunduliwa mwaka 1940. Dhahabu ya Geita ilichimbwa kwa mitambo tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Uchimbaji mkubwa ukafufuka Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Kandokando ya migodi hiyo, wachimbaji wadogo hushuka katika maduara, huponda mawe kwa makarasha na kuchenjua dhahabu kwa zebaki.

Miongoni mwa watu hao, kama ilivyo kwingineko nchini, wamo wenye shinikizo la juu la damu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takribani mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na hali hiyo. Aghalabu shinikizo la juu haliumi wala halionekani. Kinachohisiwa ni dawa. Mtu aliyekuwa akijiona mzima hupewa vidonge, na baada ya majuma machache huanza kukohoa, kuvimba miguu au kuishiwa nguvu. Si ajabu basi kwamba wengi huacha dawa kimyakimya, na baadhi yao hurudi hospitalini wakiwa wamepooza upande mmoja kwa kiharusi.

Makala haya yanaeleza asili ya athari hizo, na kwa nini katika ukanda wa dhahabu yapasa kuziangalia kwa uangalifu wa pekee.

Shinikizo na kipimo chake

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu husukumia kuta za ateri. Mwaka 1733 Stephen Hales wa Uingereza alitangaza kwamba alikuwa ameingiza mrija katika ateri ya farasi, na damu ikapanda ndani ya mrija huo kiasi cha mita mbili na nusu. Mrija mrefu kiasi hicho haufai kwa mgonjwa. Kwa kuwa zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6, safu fupi ya zebaki yatosha kupima shinikizo lilelile. Ndiyo maana hadi leo shinikizo huandikwa kwa milimita za zebaki, hata pale ambapo kipimo chenyewe hakina zebaki tena. Shinikizo la 120 ni sawa na safu ya maji yenye urefu wa mita 1.63.

Kipimo huwa na tarakimu mbili: ya juu ni ya wakati moyo unaposukuma, ya chini ni ya wakati unapopumzika. Mtu ambaye vipimo vyake, vilivyochukuliwa siku mbalimbali, hufikia au kupita 140 kwa 90 huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu.

Shinikizo hutegemea mambo mawili: kiasi cha damu ambacho moyo husukuma kila dakika, na ukinzani wa mishipa midogo. Kutokana na kanuni hiyo zimepatikana njia kuu tatu za kulishusha: kupunguza maji na chumvi mwilini, kutuliza mwendo wa moyo, na kutanua mishipa. Lakini dawa ikishamezwa huzunguka mwili mzima. Kidonge hakijui njia ya kwenda kwenye mishipa peke yake. Athari nyingi zisizokusudiwa ni upande wa pili wa tendo lilelile linaloponya.

Kikohozi kilichotoka kwa nyoka

Mwaka 1965 mwanasayansi wa Brazil, Sérgio Ferreira, alieleza kwamba katika sumu ya nyoka aitwaye jararaka mna kitu kinachoongeza nguvu ya bradikinini. Bradikinini ni kemikali ya mwili inayotanua mishipa. Ilielezwa kwa mara ya kwanza nchini humohumo mwaka 1949. Baadaye ilidhihirika kwamba sumu hiyo huzuia kimeng'enya chenye kazi mbili: huvunja bradikinini, na huunda anjiotensini, kemikali inayobana mishipa. Kukizuia ni kutanua mishipa kwa njia mbili kwa pamoja. Kutokana na maarifa hayo ilitengenezwa kaptopurili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, na baada yake enalapurili, lisinopurili na nyinginezo.

Hapo ndipo panapozuka kikohozi. Bradikinini isiyovunjwa hulundikana pia katika njia za hewa na kuzitekenya. Matokeo yake ni kikohozi kikavu, kisicho na makohozi, kinachokera zaidi usiku. Humpata takribani mgonjwa mmoja kati ya kila kumi, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa ya kutumia dawa.

Mahali pengine jambo hili lingekuwa usumbufu tu. Katika ukanda wa dhahabu ni fumbo. Mchimbaji huvuta vumbi la mawe lenye silika, ambalo hujeruhi mapafu na kuleta ugonjwa wa silikosisi. Na mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko watu wengine. Chukulia basi mchimbaji wa makamo anayetumia enalapurili, ambaye amekohoa kwa wiki tatu. Wapo watakaosema ni vumbi, wengine ni kifua kikuu, wengine ni dawa. Yawezekana mmoja wao amepata. Yawezekana pia wote watatu wamepata. Kosa la kwanza ni kusema "ni dawa tu" na kumwacha mgonjwa wa kifua kikuu awaambukize wenzake ndani ya duara. Kosa la pili ni kumtibu kifua kikuu bila ushahidi, hali kikohozi chatokana na kidonge anachomeza kila asubuhi.

Njia iliyo sawa ni ya kisayansi. Kwanza hupimwa makohozi na kifua hupigwa picha. Wakati huohuo daktari aweza kuibadili dawa na kuangalia kitakachotokea. Kikohozi cha dawa kwa kawaida hutoweka katika muda wa wiki moja hadi nne. Cha kifua kikuu hakitoweki. Kwa ambao kikohozi hakivumiliki ipo losatani, inayozuia anjiotensini isifanye kazi bila kugusa kimeng'enya chenyewe, na hivyo ni nadra kuleta kikohozi.

Kuna athari nyingine ya dawa hizi iliyo adimu lakini ni ya hatari: uvimbe wa ghafla wa midomo, ulimi na koo. Huwapata watu wenye asili ya Afrika mara nyingi zaidi kuliko Wazungu. Aonaye ulimi wake ukivimba asingoje asubuhi, wala asitafute aliyemroga. Apelekwe hospitalini mara moja, na asiimeze tena dawa hiyo maishani.

Jasho, chumvi na dawa za kukojosha

Haidroklorothayazaidi, moja ya dawa nafuu na za zamani za shinikizo, huzuia figo zisirudishe chumvi mwilini. Chumvi hutoka kwa mkojo na kufuatwa na maji, shinikizo hushuka. Pamoja na sodiamu hutoka pia potasiamu, madini yanayohitajika kwa utendaji wa misuli na mapigo ya moyo.

Mtu afanyaye kazi nzito kwenye joto aweza kupoteza lita moja au zaidi ya jasho kwa saa. Mchimbaji aliyemeza dawa ya kukojosha asubuhi hupoteza maji kwa milango miwili. Ifikapo mchana huhisi kiu, misuli humkaza, na akisimama ghafla kichwa humzunguka, kwa sababu shinikizo huanguka damu inapoteremkia miguuni. Nyumbani angeketi kidogo na hali hiyo ingepita. Akiwa kwenye kamba au ngazi ya duara, kizunguzungu cha sekunde chache chatosha kumwua.

Kwa hiyo hapana budi mgonjwa amweleze mganga kazi aifanyayo. Pengine atabadilishiwa dawa, au saa ya kuimeza. Anywe maji kidogo kidogo siku nzima, na asimame kwa vituo: aketi kwanza, kisha ainuke. Potasiamu hupatikana katika ndizi, maharage, mboga za majani na viazi vitamu, hata vikiwa michembe. Hata hivyo, mgonjwa wa figo, au anayetumia dawa za jamii ya enalapurili, asijiongezee potasiamu bila ushauri, maana ikizidi nayo huvuruga moyo. Uangalifu huo ni mkubwa zaidi kwa mwenye kutumia digoksini, dawa ya moyo iliyotokana na mmea wa jamii moja na ule ambao William Withering aliueleza mwaka 1785. Potasiamu ikipungua, sumu ya digoksini huongezeka.

Miguu inayovimba

Amlodipini hulegeza misuli ya kuta za ateri ndogo. Vena hazilegei kwa kiasi hicho. Damu huingia kwa wingi katika vijishipa vyembamba huku njia ya kutokea ikibaki ileile. Maji hupenya nje na kujikusanya kwenye vifundo vya miguu. Kwa kuwa uvimbe huu hautokani na wingi wa maji mwilini, dawa za kukojosha haziuondoi vizuri. Kuinua miguu, kupunguza kipimo cha dawa, au kuichanganya na dawa ya jamii ya enalapurili husaidia zaidi.

Hapa pia ukanda wa dhahabu huleta fumbo lake. Zebaki inayotumiwa kunasa dhahabu huweza kuharibu figo hata zikapitisha protini katika mkojo, na mwili ukavimba. Moyo uliochoka nao huvimbisha miguu. Kipimo rahisi cha protini katika mkojo husaidia kutofautisha. Ni lazima kifanywe kabla ya kukitupia kidonge lawama.

Amlodipini haifai kuachwa kwa wepesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 728 wa nchi sita za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba mchanganyiko wenye amlodipini ulishusha shinikizo kuliko mchanganyiko usio nayo.

Moyo uliotulizwa, na dawa za maumivu

Propranololi, tunda la kazi ya James Black wa Uskoti aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, huukinga moyo dhidi ya adrenalini. Moyo hupiga polepole. Lakini mpigaji sululu anahitaji moyo uwezao kwenda mbio, hivyo huchoka upesi. Zaidi ya hayo, propranololi huweza kubana njia za hewa, na ni hatari kwa mwenye pumu. Baadhi ya dawa za kundi hili, pamoja na zile za kukojosha, huweza kupunguza nguvu za kiume. Wanaume wengi huona haya kulisema jambo hili, wakaona afadhali kuacha dawa kuliko kulitamka mbele ya muuguzi aliye rika la binti yao. Mganga mwenye busara hatangoji kuambiwa, atauliza.

Adui mwingine huuzwa katika kila duka la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazotuliza maumivu ya mgongo na viungo, huzuia figo kutoa chumvi na hupandisha shinikizo. Zikitumiwa pamoja na dawa ya kukojosha na dawa ya jamii ya enalapurili, mwilini mkiwa na upungufu wa maji, figo zaweza kushindwa kazi kabisa. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ni salama zaidi kwa mgonjwa huyu.

Udanganyifu wa siku za kwanza

Kwa nini mtu aliyeacha dawa hujiona amepona? Kiasi cha amlodipini katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 40 hivi. Baada ya siku tano hubaki sehemu moja ya nane. Katika siku hizo uvimbe hupungua na shinikizo bado halijapanda sana. Mgonjwa huamini kwamba dawa ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Shinikizo hupanda baadaye, bila kubisha hodi. Propranololi ni kinyume chake: huisha upesi, na kuiacha ghafla huweza kuuacha moyo ukipiga kwa fujo, hata kumletea mtu maumivu ya kifua.

Athari ya dawa, basi, ni habari inayopasa kupelekwa kwa mganga. Mgonjwa aandike dawa aliyoimeza, siku dalili ilipoanza, na kazi aliyokuwa akiifanya. Wahudumu wa afya nao wanapaswa kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ili yanayompata mtu mmoja Geita yawafae wengine. Zipo dawa za makundi mengi, na ni nadra mtu akose hata moja inayomfaa. Anayenyamaza hujinyima nafasi hiyo.

Maswali ya darasani

1. Shinikizo la milimita 150 za zebaki ni sawa na safu ya maji yenye urefu gani?

2. Ikiwa dawa hupungua kwa nusu kila baada ya saa 40, itabaki sehemu gani baada ya saa 200? Chora mchoro wa kuonyesha upungufu huo.

3. Eleza kwa nini kuzuia kimeng'enya kimoja hushusha shinikizo na pia huleta kikohozi.

4. Mchimbaji anayetumia enalapurili amekohoa kwa wiki tatu. Panga hatua za kutafuta chanzo, na utoe sababu ya kila hatua.

5. Jadilini: je, wanafunzi waweza kuwasaidiaje wazee wa nyumbani wasiache dawa kimyakimya, bila kuwavunjia heshima?