Karatasi Haikupimi: Namna ya Kusoma Kiolezo cha Nguo



Watu wengi wenye cherehani nyumbani wamepata kununua kiolezo cha dukani, yaani ile bahasha yenye picha ya nguo nzuri juu yake na karatasi za shashi ndani. Wengi wao huishia kuzikunja karatasi zile na kuzitupa juu ya kabati, wakisema, "Mimi sina kichwa cha kushona." Mimi nawashonea watu wa nyumbani mwangu kwa miaka mingi sasa, na nimeona kwamba neno hilo si kweli. Kiolezo kimeandikwa kwa mtu ambaye tayari ajua kazi, na mambo anayodhaniwa kuyajua hayakuandikwa. Nataka kuyaeleza hapa moja moja, maana kitambaa hununuliwa kwa jasho. Barua ikikosewa hufutwa, lakini kitambaa kikikatwa ndiyo basi.

Wala msiseme ya kwamba somo hili ni la wasichana peke yao. Tazameni barazani mjini, mtaona kwamba mafundi wengi wa cherehani ni wanaume. Tena Ebenezer Butterick, aliyeanza mwaka 1863 kuuza violezo vya karatasi vyenye saizi mbalimbali, alikuwa fundi katika mji wa Sterling, Massachusetts, huko Marekani, na violezo vyake vya kwanza vilikuwa vya nguo za wanaume na wavulana. Karatasi za siku zile hazikuwa na maandishi. Zilikuwa na matundu na vikato tu vya kumwonyesha mtu mahali pa kushona. Kupiga chapa mistari na maneno juu ya karatasi kulianza karibu na mwaka 1920. Lakini desturi ya kusema kwa alama ilibaki mpaka leo.

Sasa angalieni tofauti. Fundi wetu hapa Uganda, akitakiwa kushona gomesi, huanza na mtu mwenyewe. Humpima bega, kifua, kiuno na urefu, kisha huchora kwa chaki juu ya kitambaa. Kiolezo hakikuanza na wewe. Kilianza na mwili wa kubuni, ulioandikwa katika jedwali la vipimo. Kwa hiyo karatasi haikupimi. Yakupasa wewe kuipima karatasi.

JAMBO LA KWANZA NI NAMBARI YA SAIZI. Usichague kiolezo kwa nambari iliyoandikwa katika nguo uliyonunua dukani. Katika violezo vingi vya Kimarekani vya wanawake, nambari 14 ni ya kifua cha inchi 36, kiuno cha inchi 28 na nyonga za inchi 38, yaani sentimita 92, 71 na 97. Mwanamke huyohuyo akienda kununua nguo iliyokwisha kushonwa hukuta kwamba nambari yake ni ndogo zaidi. Wenye maduka wamekuwa wakiishusha nambari ili mnunuzi afurahi, lakini wenye violezo wameshika jedwali lao la zamani. Basi chukua utepe, pima mwili, andika, kisha tazama jedwali lililo nyuma ya bahasha. Kwa blauzi fuata kifua. Kwa sketi nyembamba fuata nyonga. Ikiwa nyonga ni za saizi moja na kiuno ni cha saizi nyingine, chora kwa penseli mstari unaotoka polepole saizi hii kwenda ile.

JAMBO LA PILI NI NAFASI YA MSHONO. Violezo vingi vya Kimarekani vimekwisha kuongezwa sentimita 1.5 kila ukingo, kwa ajili ya mshono. Violezo vya magazeti ya mitindo ya Kijerumani kwa kawaida havina nyongeza hiyo. Wewe mwenyewe waiongeza. Fanya hesabu. Blauzi ina mishono miwili ya ubavuni, na kila mshono una kingo mbili, jumla 4. Ukisahau nyongeza, umepoteza 4 × 1.5, yaani sentimita 6, na blauzi haifungi. Kinyume chake pia ni hasara. Sketi ya vipande sita ina kingo 12. Ukishona kwa sentimita 1 mahali pa 1.5, sketi yazidi kwa 12 × 0.5, nayo ni sentimita 6, basi yateleza mpaka chini ya kiuno. Kosa la nusu sentimita, mtu huliona si kitu, mpaka alizidishe.

JAMBO LA TATU NI MANENO. Hapa hata aliyefaulu Kiingereza husimama. Kuna neno ambalo darasani tulifundishwa kuwa ni raha au wepesi. Katika kiolezo ni ile nafasi inayozidi mwili ili mtu apumue na kuinua mikono. Ukiona kifua ni cha 92 na blauzi ikiisha ni 102, zile 10 ndizo nafasi hiyo. Kuna neno la usingizi mfupi. Katika kiolezo ni malaika ya kitambaa, kama ya mahameli, ambayo sharti yaelekee upande mmoja. Kuna neno la mshale mdogo wa kurusha. Hapa ni kunjo lenye ncha la kubana nguo kiunoni au kifuani. Na lile neno ambalo laweza kuwa "kulia" au "sahihi", likitajwa pamoja na upande wa kitambaa, maana yake ni uso wa kitambaa, ule unaoonekana mtu akivaa. Mtu akilifuata kwa maana ya mkono wa kulia, atashona mkono wa nguo ndani nje.

JAMBO LA NNE NI ALAMA. Binti wa dada yangu alikuja kwetu likizo moja na kitenge ambacho mama yake alikinunua baada ya kuuza kahawa. Alikwisha kukitandika mezani na mkasi u mkononi.

Akauliza, "Mjomba, mbona kipande cha mgongo ni nusu tu? Nikate viwili kisha niviunge?"

Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu. Waona huu mstari uliopinda ncha zake mbili, zikielekea ukingoni? Maana yake kunja kitambaa, weka ukingo huu juu ya kunjo, ukate mara moja. Ukifungua utapata mgongo mzima."

"Na ningekata viwili?"

"Ungepata mshono katikati ya mgongo, na mahali hapo hapana nyongeza. Ungepoteza sentimita 3."

Aliweka mkasi chini, akasema kwa hasira, "Si wangeandika tu!"

Hasira yake ilikuwa ya haki. Lakini kwa kuwa hawakuandika, tujifunze alama zenyewe. Mshale mrefu ulionyoka waonyesha njia ya mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa kitambaa uliofumwa. Pima kutoka kila ncha ya mshale huo mpaka ukingoni. Vipimo viwili viwe sawa, la sivyo nguo itajisokota mwilini baada ya kufuliwa. Pembetatu ndogo ni za kukutanisha kipande na mwenzake. Kwenye mkono wa nguo, moja ni mbele, mbili ni nyuma. Ikiwa saizi nyingi zimechorwa pamoja, mistari hupitana kama njia za mchwa. Fuata yako kwa penseli ya rangi kabla ya kukata.

Tazama pia upana wa kitambaa. Picha za kupanga vipande huwa mbalimbali, moja ya kitambaa cha sentimita 115 na moja ya 150. Vitenge vingi vina upana wa karibu 115. Na kama kitenge chako kimechorwa ndege, vipande vyote vielekee juu, hata kama picha imevigeuza ili kuokoa kitambaa. La sivyo ndege wa mgongoni wataruka miguu juu.

JAMBO LA TANO NI KUJARIBU. Pima karatasi yenyewe kutoka mstari wa mshono mpaka mstari wa mshono, ukiacha makunjo, kisha zidisha kwa mbili, maana karatasi ni nusu ya mtu. Linganisha na mwili. Halafu kata kwa merikani ya bei ndogo au shuka kuukuu, piga bandi kwa mkono, umvalishe mtu. Akae, ainame, ainue mikono. Penye kubana ongeza, penye kulegea punguza, ukaandike mageuzi yote juu ya karatasi. Baada ya hayo ndipo utie mkasi katika kitambaa chenyewe.

Huenda mtu akaona kazi hii ni ndefu kuliko kushona. Naam, mara ya kwanza ni ndefu. Lakini kiolezo kilichokwisha kusahihishwa kwa mwili wako ni mali ya miaka mingi. Kinakiliwe juu ya karatasi ngumu, kiandikwe jina na tarehe, kihifadhiwe. Mara ya pili hutasoma bahasha tena. Utatandika na kukata, kama afanyavyo fundi wa barazani na chaki yake.