KIKAPU KIKIJAA: SOMO LA FAILI NA SAFU

Leo tuzungumze juu ya tarakilishi, tena kwa Kiswahili chetu wenyewe.

Mwaka 2024 mto Tana ulifurika na watu wengi wa kaunti yetu wakahama. Orodha za waliohama huwa hazina kikomo: leo majina kumi, kesho mia, kesho kutwa hakuna ajuaye. Baadaye nilijaribu kutunga programu ya kusoma orodha ya namna hiyo kutoka kwenye faili. Nilitenga safu ya nafasi 100, kumbe faili ina majina 130. Programu haikulalamika. Ilisoma 100 ikanyamaza! Kama ingekuwa orodha ya kugawa unga, familia 30 zingelala njaa kwa kosa langu.

Je, tufanyeje? Kutenga nafasi milioni moja ni kupoteza kumbukumbu bure. Kuongeza nafasi moja kila jina linapokuja nako kuna taabu. Safu ni kama kikapu cha maembe: kikijaa hakivutiki. Yabidi utafute kikubwa zaidi, uhamishe maembe yote, ndipo utie jipya. Kwa majina 1,000 utahamisha 1+2+3 mpaka 999, yaani mara 499,500. Lo!

Dawa ni kutafuta kikapu maradufu kila kinapojaa: nafasi 1, 2, 4, 8, mpaka 1,024. Majina yale yale 1,000 yatakugharimu 1+2+4 mpaka 512, jumla 1,023 tu.

Hatua ni hizi:
1. Fungua faili, tenga safu ndogo, hesabu iwe 0.
2. Soma mstari mmoja.
3. Ikiwa safu imejaa, tenga mpya maradufu, nakili majina yote, kisha achilia ile ya zamani.
4. Weka jina, ongeza 1 kwenye hesabu.
5. Rudia hatua ya 2 mpaka mwisho wa faili, halafu uifunge.

Tahadhari: hesabu ya majina si ukubwa wa safu. Ukizichanganya utachapisha nafasi tupu.

Katika lugha ya Python, orodha hujipanua yenyewe. Katika C, mchukuzi ni wewe.

Zoezi: Ukianza na nafasi 4, majina yangu 130 yatahitaji kunakili mara ngapi? (Jibu: 252, na hakuna familia itakayoachwa nje.)