Lebo za Nyimbo: Namna ya Kuhariri Faili Nyingi za Muziki kwa Mkupuo

Mkulima wa alizeti wa Ulemo, katika Wilaya ya Iramba mkoani Singida, apelekapo mavuno yake ghalani hana budi kulitia kila gunia alama. Alizeti iliyomo ndani haisemi ni ya nani, imetoka kijiji gani, wala imevunwa mwaka gani. Gunia lisilo na alama likichanganyika na mengine mia mbili, mwenyewe hawezi tena kulidai. Na karani akikosea kuchonga mhuri wa jina, kisha akaugonga juu ya magunia yote, kosa lake moja huwa makosa mia mbili.

Hali ni hiyo hiyo kwa nyimbo zilizohifadhiwa katika kompyuta au simu. Makala hii inaeleza mambo matatu: lebo ya faili ya muziki ni kitu gani, jinsi lebo za faili nyingi zinavyoweza kuandikwa au kusahihishwa kwa amri moja, na tahadhari zinazompasa kila mtu anayeifanya kazi hiyo.

Lebo ni nini?

Sauti inapohifadhiwa katika kompyuta hugeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu. Mtindo mmoja uliotumika sana duniani ni ule unaoitwa MP3, ambao kanuni zake zilichapishwa mwaka 1993. Kwa kiwango cha biti 128,000 kwa sekunde, wimbo wa dakika nne, yaani sekunde 240, huchukua biti 128,000 × 240, sawa na biti 30,720,000. Kwa kuwa baiti moja ni biti nane, faili hiyo ina baiti 3,840,000.

Katika tarakimu zote hizo hakuna hata moja inayotaja jina la wimbo au la mwimbaji. Kanuni za MP3 zilishughulikia sauti peke yake. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni njia rahisi ya kuziba pengo hilo: aliongeza baiti 128 mwishoni mwa faili, baada ya sauti kwisha. Njia hiyo iliitwa ID3. Msomaji akigawanya 3,840,000 kwa 128 atapata 30,000. Maana yake ni kwamba lebo hiyo ni ndogo mara elfu thelathini kuliko wimbo wenyewe. Hata hivyo, bila hiyo wimbo hautambulikani.

Baiti hizo 128 ziligawanywa hivi:

Herufi T, A na G, za kuonyesha kwamba lebo inaanza: baiti 3
Jina la wimbo: baiti 30
Jina la mwanamuziki: baiti 30
Jina la albamu: baiti 30
Mwaka: baiti 4
Maelezo mengineyo: baiti 30
Aina ya muziki: baiti 1

Kasoro za lebo ya kwanza

Mpango huo ulikuwa mwepesi, lakini ulikuwa na kasoro mbili kubwa. Ya kwanza ni ufinyu. Ichukuliwe kwamba wimbo fulani umepewa jina la “Wimbo wa kulima wa akina mama wa Ulemo”. Jina hilo, pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, lina alama 38. Lebo hupokea 30 tu, na nyingine hukatwa. Kinachobaki ni “Wimbo wa kulima wa akina mama”. Mahali wimbo ulikotoka pamepotea, na msikilizaji wa mbali hataweza kujua kwamba akina mama hao ni wa Ulemo.

Kasoro ya pili ilihusu aina ya muziki. Kwa kuwa nafasi iliyotolewa ni baiti moja, aina haikuandikwa kwa maneno bali kwa namba, na kila namba iliwakilisha aina moja katika orodha maalumu. Orodha ya awali ilikuwa na aina 80, kuanzia 0 hadi 79. Namba 3 ilikuwa muziki wa disko na kumbi za Ulaya na Marekani uitwao “Dance”. Namba 8 ilikuwa “Jazz”. Taarabu haikuwamo, ngoma haikuwamo, wala muziki wa dansi wa Tanzania haukuwamo. Mtu aliyeona neno “Jazz” katika jina la Tabora Jazz, Western Jazz au Morogoro Jazz aliweza kudhani kwamba namba 8 inafaa. Lakini bendi hizo zilipiga muziki wa dansi, wenye asili nyingine na mahadhi mengine kabisa. Neno “Jazz” lilikuwa sehemu ya jina tu.

Lebo ya pili

Mwaka 1998 kulitolewa mpango mpya, ID3 toleo la pili. Lebo hii huwekwa mwanzoni mwa faili, na inaweza kurefuka kadiri ya mahitaji. Ukubwa wake huandikwa kwa baiti nne, lakini katika kila baiti hutumiwa biti saba tu, ili kicheza muziki kisije kikadhani kwamba namba za lebo ni mwanzo wa sauti. Biti saba mara nne ni biti 28, na 2 kwa kipeo cha 28 ni 268,435,456. Huo ndio upeo wa baiti za lebo, nao unatosha hata kuweka picha na maneno ya wimbo mzima.

Ndani yake kuna vyumba vingi, kila kimoja na jina la herufi nne. Chumba TIT2 ni cha jina la wimbo, TPE1 ni cha mwanamuziki, TALB ni cha albamu, TCON ni cha aina ya muziki, ambayo sasa yaweza kuandikwa kwa maneno, na TLAN ni cha lugha. Hapa pia ipo tahadhari. Chumba cha lugha hutaka alama ya herufi tatu kutoka katika orodha ya kimataifa ya ISO 639-2. Kiswahili kina alama yake, swa. Kinyiramba, lugha ya wenyeji wengi wa Iramba, hakina alama yake chenyewe katika orodha hiyo. Kimewekwa katika fungu moja na lugha nyingine nyingi za Kibantu, chini ya alama bnt. Alama yake mahususi, nim, imo katika orodha ya baadaye yenye lugha nyingi zaidi, ISO 639-3. Kwa hiyo mhifadhi makini huliandika jina la lugha kwa ukamilifu katika chumba cha maelezo.

Kazi ya mkupuo

Ichukuliwe sasa kwamba wanafunzi wa sekondari huko Ulemo wamekusanya kwa simu nyimbo 240 za kulima, za harusi na za kubembeleza watoto, kwa ridhaa ya waimbaji. Kila wimbo unahitaji mambo sita: namba, waimbaji, jina la wimbo, jina la mkusanyo, mwaka na lugha. Hayo ni maandishi 240 × 6, sawa na 1,440. Ikiwa kila moja linachukua sekunde 10, kazi yote itachukua sekunde 14,400, yaani saa nne bila kupumzika.

Zipo programu za kompyuta zinazopunguza kazi hiyo, kwa mfano Mp3tag na Kid3. Mtumiaji huchagua faili zote kwa pamoja, kisha hutoa amri moja inayotekelezwa kwa kila faili. Siri ya kazi hii ni kutenganisha mambo ya namna mbili: yaliyo sawa kwa faili zote, na yanayotofautiana.

Jina la mkusanyo na mwaka ni sawa kwa nyimbo zote. Amri mbili zinatosha. Lugha nayo itatosha kwa amri moja, iwapo nyimbo zote ni za Kinyiramba. Namba, waimbaji na jina la wimbo hutofautiana, lakini yaweza kusomwa kutoka katika jina la faili lenyewe, kama liliandikwa kwa utaratibu. Kwa mfano:

017_Akina mama wa Ulemo_Wimbo wa kulima.mp3

Programu huelezwa kwamba kilicho kabla ya kistari cha kwanza cha chini ni namba, kilicho kati ya vistari viwili ni waimbaji, na kilicho baada ya kistari cha pili ni jina la wimbo. Kwa kanuni hiyo moja, maandishi 720 hujiandika. Kwa jumla, amri nne zimefanya kazi ya maandishi 1,440.

Msomaji atauliza: kwa nini 017, na si 17? Kompyuta ipangapo majina kama maneno hulinganisha alama moja moja kuanzia kushoto. Alama 1 hutangulia alama 2. Kwa hiyo 1, 10, 11 na 100 zote zitakuja kabla ya 2. Zikiandikwa kwa tarakimu tatu, yaani 001, 002, 010 na 100, mpango huwa sahihi.

Ikumbukwe kwamba kompyuta haikujua wimbo hata mmoja. Maarifa yote yalitoka katika daftari la mwanafunzi aliyeuliza na kuandika papo hapo uwanjani. Ziko programu zinazoweza kuutambua wimbo kwa kulinganisha sauti yake na hazina kubwa ya kumbukumbu za sauti. Hizo husaidia kwa sahani na albamu zilizokwisha kuingizwa humo. Wimbo uliorekodiwa kwa mara ya kwanza chini ya mwembe hauwezi kupatikana katika hazina yoyote.

Hatari ya amri moja

Amri ya mkupuo huzidisha. Huzidisha usahihi, na huzidisha kosa kwa kiwango kile kile. Kama miongoni mwa nyimbo 240 zimo 30 za Kinyaturu, amri ya lugha itazifanya zote kuwa za Kinyiramba, wala hakuna kengele itakayolia.

Historia ya muziki wa Tanzania inatoa mfano mzuri zaidi. Mwaka 1964 ilianzishwa bendi ya Nuta Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi cha NUTA. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa Juwata Jazz. Baadaye ikawa OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Mtu anayepanga nyimbo zake aweza kuona majina manne na kutaka kuyafanya moja, kwa kuamuru kila “Nuta Jazz” iwe “Msondo Ngoma”. Kwa sekunde moja orodha itapendeza, lakini itakuwa inadai kwamba wimbo wa miaka ya 1960 ulipigwa na bendi yenye jina ambalo wakati huo halikuwapo.

Hali kadhalika, Mbaraka Mwinshehe alipiga na Morogoro Jazz hadi mwaka 1973, kisha akaanzisha Super Volcano. Anayeziandika nyimbo zake zote chini ya bendi moja anafuta nusu ya historia hiyo.

Dawa yake si kuacha kupanga. Jina lililotumika siku ya kurekodi hubaki katika chumba cha mwanamuziki. Jina la kuzikusanya nyimbo pamoja huwekwa katika chumba kingine. Chumba cha namna hiyo, kilichotengwa kwa ajili ya kupangia tu, kimo katika lebo za ID3 za tangu mwaka 2000.

Utaratibu wa usalama

Kwanza, faili zote zinakiliwe mahali pengine kabla ya kuguswa. Lebo ya toleo la pili iko mwanzoni mwa faili. Ikirefuka kupita nafasi ya akiba iliyoachwa, programu hulazimika kuiandika faili nzima upya. Umeme ukikatika katikati ya kazi, faili yaweza kuharibika.

Pili, amri ijaribiwe kwanza kwa faili tano, na matokeo yasomwe kwa macho.

Tatu, zitafutwe faili zisizofuata kanuni. Faili iitwayo “018_Wimbo wa harusi.mp3” ina kistari kimoja tu, kwa hiyo haiwezi kusomwa kwa kanuni ya vistari viwili. Zote za namna hiyo zisahihishwe kwanza.

Nne, baada ya kazi, zichaguliwe faili kumi bila mpango, zisikilizwe, na lebo zake zilinganishwe na daftari.

Tano, daftari lisitupwe. Lebo ni nakala. Daftari ndilo asili.

Hitimisho

Sauti iliyorekodiwa vizuri yaweza kudumu kuliko aliyeiimba. Bibi aliyeimba wimbo wa kutwanga aweza kuulizwa leo jina la wimbo na nani aliyemfundisha. Baada ya miaka thelathini hatakuwapo wa kuulizwa, na lebo ndiyo itakayojibu kwa niaba yake. Ikijibu uongo, hakuna atakayejua. Kwa sababu hiyo, wepesi wa amri moja haumpunguzii mwanafunzi wajibu wa kuhakiki, unauongeza.

Maswali

1. Wimbo wa dakika sita umehifadhiwa kwa biti 128,000 kwa sekunde. Faili yake ina baiti ngapi za sauti? Lebo ya baiti 128 ni sehemu gani ya faili hiyo?
2. Andika jina la wimbo mmoja wa kijijini kwako pamoja na jina la kijiji. Je, litaenea katika alama 30? Kama halienei, ni nini kitakachokatwa?
3. Panga 3, 21, 100, 12 na 1 kama kompyuta inavyopanga maneno. Kisha ziandike kwa tarakimu tatu na uzipange tena.
4. Kwaya ya shule imebadilisha jina lake mwaka huu. Eleza utakavyoandika lebo za nyimbo zake za zamani na za sasa, na utoe sababu.