Bunduki ya Shabaha za Mbali Sana: Risasi Ipi, Mtambo Upi?

Marekani kuna mchezo wa kulenga shabaha ambamo bamba la chuma husimamishwa maili moja, hata mbili, kutoka kwa mlengaji. Shindano lake maarufu, King of 2 Miles, limefanyika karibu na mji wa Raton, New Mexico. Ikiwa unaishi Marekani na mchezo huu umekuvutia, pengine umeshaambiwa ununue kaliba kubwa. Usikimbilie dukani bado.

Kaliba ni upana wa risasi. Kwa mfano, .338 ni inchi 0.338, karibu milimita 8.6. Jina linalofuata, kama Lapua Magnum au CheyTac, hukuonyesha ganda lenyewe, na ganda ndilo linalobeba baruti.

Uchague ipi? Anza na urefu wa uwanja utakaotumia. Mpaka mita 1,000, 6.5 Creedmoor inatosha, na bega lako litashukuru. Kwa maili moja, yaani mita 1,600 hivi, tazama .300 Norma Magnum au .338 Lapua Magnum. Kupita hapo ndipo zinapoingia .375 CheyTac na .416 Barrett.

Sababu ni mwendo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na risasi inapopungua kasi kuelekea kiwango hicho huweza kuanza kuyumba, hesabu zako zote zikaharibika. Risasi ya .338 yenye uzito wa gramu 19 hutoka mtutuni kwa mita 820 hivi kwa sekunde, na katika nyanda za chini hufikia kiwango hicho mahali fulani karibu na mita 1,500. Raton iko juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi huifikisha mbali zaidi. Ile ya .375, nzito kidogo na yenye kasi ya mita 900 hivi, huvuka mita 2,000 ikiwa bado na nguvu. Na .50 BMG inayosifiwa sana? California imezuia bunduki zake tangu 2005, na risasi nyingi za bei nafuu za aina hiyo hazikutengenezwa kwa ulengaji makini. Mimi nisingeanza nayo.

Mtambo ni kile chuma cha katikati kinachopokea risasi, kuifunga nyuma ya mtutu, kisha kutoa ganda tupu. Kwa kazi hii chagua wa bolti, ule unaovutwa kwa mkono. Uso wa bolti lazima ulingane na kitako cha ganda: wa Lapua ni inchi 0.588, wa CheyTac ni kama 0.640, wa Barrett 0.804. Ndiyo maana kaliba hutangulia na mtambo hufuata. Ukinunua mtambo wa Lapua leo, kesho hutaufungia mtutu wa CheyTac. Walengaji wengi wa mbali sana hupenda mtambo wa risasi moja moja, kwa kuwa hauna tundu la magazini chini, hivyo ni mgumu zaidi kupinda.

Sheria ya shirikisho huuhesabu mtambo kuwa bunduki yenyewe. Utaununua kwa muuzaji mwenye leseni, ujaze fomu 4473 na ukaguliwe rekodi zako. Mwenye green card anaruhusiwa; mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa masharti maalumu kama leseni halali ya uwindaji. Majimbo nayo yana sheria zake, kwa hiyo uliza.

Mtambo wa ukubwa wa CheyTac mara nyingi hupita dola 2,000, na darubini nzuri vivyo hivyo. Risasi moja ya kiwandani ya .338 huweza kufika dola 5 au zaidi, na ya .375 huizidi. Mtutu wa .375 huchakaa baada ya risasi elfu moja hivi, kwa hiyo weka akiba ya mwingine.

Ushauri wangu: tafuta kwanza uwanja wa maili moja unaokubali wageni, uombe kujaribu bunduki ya mwanachama, kisha uagize .338 Lapua. Kama hakuna uwanja wa namna hiyo karibu nawe, baki na Creedmoor.